Shavu la Kushoto la Bibi

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ile niliyogombezwa nikakimbia kabla maneno hayajaisha.

Tulikuwa tunaishi Mkunya, huko juu Newala, mimi na dada yangu Somoe, kwa bibi yetu mzaa mama. Bibi alikuwa ameupaka ukuta wa nyumba udongo mweupe kwa ajili ya harusi ya mjomba, ukapendeza kweli. Asubuhi hiyo yeye na dada walishuka bondeni kuteka maji, na safari ya maji enzi hizo ilikula nusu siku. Nikabaki peke yangu na kipande cha mkaa. Nikamchora Bibi ukutani: ndonya yake, kile kipande cha mti walichotogwa wanawake kwenye mdomo wa juu, macho yake madogo ya kucheka, na nembo zake, zile chale za mistari walizochanjwa mashavuni wasichana wa zamani. Nilizipanga kwenye mashavu yote mawili kwa uangalifu mkubwa, kisha nikakaa kusubiri sifa.

Bibi akatua ndoo, akautazama ukuta, akapaza sauti. "We mtoto! Umenifanya nini hapa?" Sikungoja aendelee. Nilitimua mbio mpaka kwenye mikorosho, nikarudi jioni na kukuta ukuta umeshafutwa, naye ananipakulia ugali wangu wa muhogo kama kawaida. Hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Miaka yote nimeamini kwamba kosa langu lilikuwa kuchafua ukuta wa harusi.

Bibi alifariki bila kupigwa picha hata moja, maana alikuwa akisema anayetaka kumwona aje nyumbani. Mimi nikaolewa Masasi, nikawa fundi cherehani pale Lisekese, nikashona mpaka mgongo ulipogoma. Basi mwaka jana binti yangu Zuhura, ambaye ni muuguzi, akaniletea kishikwambi chake cha zamani pamoja na kalamu yake isiyo na wino, akaniwekea humo programu ya kuchorea. "Mama, utazeeka vibaya ukikaa kutazama bodaboda tu," akaniambia.

Nisikudanganye, wiki ya kwanza nilitaka kukitupa shimoni. Nikigusa huku, rangi inamwagika kule. Nikiegemeza kiganja, mstari unatokea wenyewe. Nilimchora kuku, Zuhura akaniuliza kama ni kiazi. Lakini nilipoonyeshwa kile kitufe cha kufuta ulichokosea na kukurudisha ulikokuwa, nilicheka peke yangu sebuleni. Laiti ningekuwa nacho zamani, siku zile nilipokuwa nakata vitambaa vya watu vibaya na kujifungia ndani wasinipate! Na kujifunza kitu uzeeni kuna raha ambayo vijana hamuijui bado. Hakuna mtihani, hakuna mteja anayebisha hodi, unaharibu upendavyo.

Mkono ulipoanza kuzoea, nikataka kumchora Bibi. Katika wote waliomwona kwa macho tulibaki wawili, mimi na Dada Somoe, na macho ya dada yanakwisha. Moja halioni kabisa, na la pili daktari alishamwambia asilitegemee sana. Nilitaka amwone Bibi tena kabla hilo nalo halijapofuka. Tena nilitaka aniambie kwa kinywa chake kwamba ndiye, kwa sababu bila yeye ningejuaje kama sijachora bibi wa watu wengine?

Sasa, humo ndani ya programu kuna kitu ambacho ukichora upande mmoja, upande wa pili unajichora wenyewe vilevile. Zuhura ana jina lake la kitaalamu, mimi nakiita kukunja kitambaa. Gauni hukatwa hivyohivyo: unakunja, unakata upande mmoja, ukikunjua umepata na wa pili. Fundi gani asingekipenda? Nikalichora shavu la kulia la Bibi nembo kwa nembo, na la kushoto nikapata bure. Majirani wakaja kuona. Mmoja akasema nimekuwa msanii, mwingine akataka nimchore na yeye nimpunguzie miaka. Kichwa kikanivimba, mwanangu. Nikapanda gari la Newala nimekikumbatia kishikwambi kifuani kama mtoto mchanga.

Nilimkuta dada barazani anamenya muhogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umeleta nini?"

Nikamwekea mapajani, nikaukuza uso mpaka ukajaa kioo chote. Akakisogeza karibu kabisa na jicho lake zima.

"Picha nzuri," akasema. "Ila huyu simjui."

Nikamuuliza kama macho siyo, kama ndonya siyo.

"Macho ndiyo, ndonya ndiyo." Akaweka kidole kwenye shavu la kushoto. "Hapa ndipo umekosea, umemmaliza. Bibi hakumalizwa huyu. Alikimbia!"

Ndipo akanisimulia. Bibi alipokuwa msichana, fundi wa nembo alimchanja shavu la kulia lote. Alipofika la kushoto, alichanja mistari miwili tu, Bibi akachoropoka, akazama kwenye shamba la mihogo na hakutoka mpaka fundi alipokwenda zake. Wakambembeleza, wakamtisha kwamba hatapata mume. Akagoma. Mume akampata, na watoto tele. Na kila alipochekwa, alikuwa akiligusa shavu la kulia na kusema, "Hili la watu," kisha anagusa la kushoto, "na hili langu mwenyewe."

Utaniuliza niliishije naye nisilione jambo hilo. Nilikuwa mtoto, mwanangu. Bibi wa wenzangu wote walikuwa na nembo pande zote mbili, na shavu la bibi yangu lilikuwa limejaa mikunjo. Nikaona nilichozoea kuona.

"Sasa ile siku ya ukuta," nikamuuliza dada, "aligomba kwa ajili gani?"

"Ukuta gani! Ukuta aliufuta huku anacheka. Alikuwa anasema, huyu mtoto kaninyang'anya shavu langu. Alitaka akuite akuonyeshe pa kufuta, nawe ukawa umeshatokomea. Kwa kukimbia mmerithiana."

Tulicheka mpaka muhogo ukaanguka chini. Kisha nikazima kile cha kukunja kitambaa, nikalifuta shavu la kushoto lote, nikampa dada kalamu. Hakuwahi kushika kitu kama kile, nikamshikia kiwiko. Akachora mstari wa kwanza, akachora wa pili ukapinda. Nikanyoosha kidole niurekebishe, akanichapa kofi la mkononi.

"Uache hivyohivyo!"

Akakisogeza tena kwenye jicho. Halafu, mwanangu, dada yangu mzee yule akainamisha kichwa kwa adabu na kusema taratibu, "Shikamoo, Bibi."

Nililia kwa furaha, sina haja ya kukuficha.

Basi shika haya ninayokuambia. Kifaa kipya kikija mbele yako usikiogope, hata ukiwa na mvi. Kishike, haribu nacho, kicheke. Lakini kisikuchoree watu wako. Kitakupa mashavu yaliyolingana, nawe ukishasifiwa hutakumbuka kuuliza. Nenda kwa anayewakumbuka angali anaona, umpe kalamu, na mstari wake ukipinda usiunyooshe. Na mkubwa akianza kukugombeza, vumilia amalize. Mimi nilikimbia, nikalikosa neno la Bibi mpaka nimekuwa bibi mwenyewe.

Mungu akujalie mikono isiyochoka kujifunza. Akupe wa kukuambia ukweli na masikio ya kuwasikiliza. Na watu watakapotaka kukuchora wapendavyo wao, akulindie shavu moja liwe lako mwenyewe. Amina.