Simu Niliyoikata

Mimi si mtu wa subira, na sijawahi kulificha hilo. Pale masijala ninapofanya kazi, wanaokuja kuulizia majalada wamezoea kuanza na shida yenyewe; habari za asubuhi wanampelekea mwenzangu wa dirisha la pili. Wanangu wakinipigia simu wananieleza wanachotaka kabla sijamaliza kusema haloo. Kwa hiyo nikisema kwamba wiki ile ya Septemba nilikasirika, nieleweke kwamba nilikasirika kupita kawaida yangu.

Ilianza Jumanne. Huyo mwenzangu wa dirisha la pili alikuwa amerudi kutoka msibani Tabora, akatusimulia kwamba basi lao lilipita kwenye moshi karibu saa nzima, taa zimewashwa mchana, abiria wamejiziba pua kwa khanga. "Msitu wote unaungua kule mbele ya Manyoni," alisema, kisha akaendelea kutafuta kalamu yake. Nikamuuliza ni upande gani. Akasema kushoto. Kushoto kwa kwenda au kwa kurudi? Hakukumbuka, maana alikuwa anasinzia.

Nina watu kule. Kabla sijaingia ukarani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji kilicho ndani kabisa ya msitu huo. Tulipelekwa walimu wanne, wote wageni, na nyumba niliyopewa haikuwa na mlango. Mke wa mrina asali mmoja alikuja siku ya pili, akaangalia ile nafasi ya mlango, akabeba sanduku langu kichwani na kunipeleka kwake. Nilikaa kwao miaka mitatu. Alinifundisha kupika mlenda ukanyooka, na mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, mvua ikiwa imefunga njia ya kwenda zahanati. Namwita dada, na mumewe ni shemeji yangu. Mpaka leo kila msimu ndoo ya asali yao inanifikia kwangu Makole, Dodoma, kwa basi.

Mizinga ya shemeji imetundikwa mitini, mbali na kijiji, na mwezi kama ule yeye hushinda huko huko akiikagua. Moto ukiingia msituni, yeye ni mtu wa kwanza kukutana nao. Hilo ndilo lililoninyima raha. Nilitaka kujua jambo moja tu: yu hai?

Nikaanza kupiga simu. Wao wana simu moja, na mtandao pale kijijini haupatikani mpaka upande kilima kilicho karibu na duka la yule bwana anayechajia watu simu kwa umeme wa jua. Namba ya dada haikupatikana. Namba ya mwenye duka haikupatikana. Ya mtendaji wa kijiji ilipokelewa na mtu wa Songea aliyeniambia kwa upole kwamba ameinunua laini hiyo mwezi uliopita na hajui kijiji chochote. Kufikia Jumatano jioni nilikuwa namchukia kwa dhati yule mwanamke wa kwenye simu anayesema mteja hapatikani.

Sisi walimu wanne tuna kundi letu la kwenye simu. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Mbeya, na wa tatu yuko hapa hapa Dodoma, Chang'ombe. Nikaandika: jamani, moto umeingia msituni kwetu, nani amewapata wenyeji wetu? Wa Mwanza akatuma picha ya mikono iliyofumbatana. Wa Mbeya akatuma video ya moto mkubwa unaoshuka mlimani, miti yote misonobari, na chini yake bahari. Nikamuuliza bahari ya Manyoni imeanza lini. Akanicheka, kisha akaandika tuwaombee. Wa Chang'ombe, ambaye naye alikula ugali wa dada mwaka mzima, akasema huo ni moto wa kila mwaka, nisijipe presha. Nikamuuliza kama amepiga simu hata mara moja.

Alhamisi nikapata namba ya ofisi inayohusika na mambo hayo. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zote.

"Taarifa ya moto tunayo, mama. Lakini ni moto wa kawaida wa msimu."

"Moto wa kawaida ndiyo upi?"

"Ule ambao haujaleta madhara."

"Na umejuaje kama haujaleta madhara?"

"Hatujapata taarifa ya madhara, mama."

Nikamuuliza nani angeleta taarifa hiyo kutoka mahali pasipo na mtandao. Akasema nitume barua. Na siku hiyo hiyo, pale mapokezi, watu wa ofisi nzima walikuwa wamesimama mbele ya televisheni wakiangalia moto wa nchi nyingine, ng'ambo huko, wanajua mpaka mitaa iliyoungua na mwigizaji wa sinema aliyepoteza nyumba. Mmoja alikuwa anafuta machozi. Siwalaumu kwa kumhurumia mtu, lakini nilipita pale nikawaambia kuna moto mwingine, wa kwetu, siku nzima ya safari kutoka hapa. Wakasema eti kweli? Kisha wakageuka kuangalia televisheni.

Ijumaa, saa nne asubuhi, nikapiga namba ya dada kwa mazoea tu. Ikaita. Nilishtuka hata nikaangusha mhuri.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwalimu." Hajawahi kuniita jina jingine. "Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Dada, huo moto—"

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Yule wangu mkubwa yuko wapi siku hizi?"

"Yuko Arusha, ana kazi. Dada—"

"Ashukuriwe Mungu. Na majirani wazima? Na wenzako wa kazini?"

Wenzangu wa kazini walikuwa wazima mno. Bosi alikuwa amesimama mbele ya dirisha langu akigonga meza kwa kidole, anataka jalada la kikao kilichokwisha kuanza. Siku tatu nilikuwa nimengoja sauti hiyo, na sasa imekuja inaniulizia majirani. Nilihisi hasira zinanipanda shingoni.

"Dada, nijibu kwanza. Moto umewafikia?"

"Ulifika. Umepita."

"Mko salama?"

"Salama, Mwalimu. Tunamshukuru Mungu."

"Na shemeji?"

"Yupo. Anakusalimu sana."

Nilikaa chini. Nikamwambia sikuwa nimelala vizuri siku zote hizo, akasema pole. Kisha akasema, "Ukipata nafasi, uje ututembelee."

"Nitakuja, dada. Nitakuja tu. Sasa niko kazini, nitakupigia baadaye."

"Haya, Mwalimu," alisema, nami nikakata.

Kabla hata sijatafuta lile jalada la bosi, niliwaandikia wenzangu kwenye kundi. Wako salama wote, nimeongea naye mwenyewe. Nikaongeza maneno ya kuwasuta, kwamba kuna watu wa kuomba na kuna watu wa kupiga simu, na kila mtu anajijua yuko kundi gani. Wa Mwanza akaniandikia nibarikiwe kwa kufuatilia. Nilibarikiwa kwelikweli: nililala, nilikula, nilisimulia kazini jinsi nilivyopambana mpaka nikawapata. Jioni ile nilijaribu kumpigia tena, hakupatikana, na sikujali, kwa kuwa nilichotaka kujua nilikuwa nimekwisha kukijua.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa uani nachambua mchele, simu ikaita. Alikuwa mwenye duka. Akanisalimu, akaniomba radhi kwa simu zangu zote zile, paneli yake ilikuwa imepasuka kwa joto na ndiyo kwanza amepata nyingine.

"Haina neno," nikamwambia. "Niliwapata."

"Tunajua. Sasa unakuja lini?"

"Nije wapi?"

"Mama alituambia umesema unakuja. Mzee ameungua mikono, Mwalimu. Yote miwili."

Nikamwambia hapana, niliongea na dada mwenyewe, na alisema wako salama.

"Salama wako," alisema. "Mgonjwa ni mmoja tu."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananieleza mambo yalivyo. Akaniambia pia kwamba dada alijua lazima namtafuta, maana nisingeweza kukosa habari za moto ule, na kwamba siku ile ya Ijumaa alitoka alfajiri, akapanda kilima, akawasha simu na kukaa pale mpaka nikapiga.

Kilichonichoma si kwamba sikujua. Nilijua. Mwaka wangu wa pili kule, baba yangu alifariki, na habari zikafikia dukani kabla ya kunifikia mimi. Dada alikuja shuleni, akakaa kwenye kiti cha darasani, akanisalimu. Akaulizia wanafunzi, akaulizia chaki kama zimefika, akaulizia kuku wangu aliyekuwa ameatamia. Nikajibu yote, nzuri, zimefika, anaendelea. Ndipo akanishika goti na kusema, "Nzuri. Ila Mwalimu, kuna neno kutoka kwenu." Kule ndivyo ilivyo. Habari huwa nzuri kwanza, kwa wote, hata kama maiti iko ndani, na mwenye kukupenda hakutupii jambo zito ukiwa bado umesimama. Anakuzungusha taratibu mpaka ukae. Na akikwambia uje, tena moto ukiwa ndiyo kwanza umepita na hakuna mtu anayetaka mgeni, hajakualika kutembea. Miaka mitatu niliishi hivyo. Kisha nikakaa dirishani miaka mingi kuwafundisha watu kuacha salamu, mpaka nikajifundisha na mimi.

Nilisafiri Jumapili alfajiri. Basi lilipita Zuzu kukiwa bado giza, na kutoka Manyoni nikaendelea kwa pikipiki. Msitu ulikuwa mweusi pande zote mbili, majivu yanatifuka nyuma yetu, na juu ya miti michache iliyosimama niliona mizinga iliyopasuka ikining'inia. Niliacha kuihesabu, maana baadhi niliijua.

Walikuwa uani. Shemeji alikaa kwenye kigoda, mikono imelazwa juu ya magoti, imefungwa vitambaa vya khanga vilivyolowa asali. Harufu nyingine ilikuwa chini ya ile ya asali. Nilitaka kumkimbilia, lakini dada alikuwa ameshaanza kunisalimu, nami nikakaa nikajibu. Watoto hawajambo. Safari ilikuwa nzuri. Majirani wazima. Nilijibu mpaka mwisho, machozi yakinitoka, na hakuna aliyenikatiza.

Ndipo wakanieleza. Wanaume walikuwa wanakata njia ya kuzuia moto, upepo ukageuka, wote wakakimbia. Shemeji akarudi kushusha mzinga mmoja uliokuwa na nyuki wapya. "Ujinga," alisema mwenyewe, akatabasamu. Zahanati walimfunga vidonda wakamwandikia aende hospitali. Majirani walikuwa wamempata mwenye gari, tayari kumpeleka Jumamosi ile, siku moja baada ya simu yangu. Shemeji mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Nikasema tungoje. Mwalimu anakuja, yeye anazijua hospitali za mjini, atatuonyesha pa kuanzia. Tusihangaike huku na huku."

Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeona mpango wake umefanikiwa.

Jumatatu tulikuwa Dodoma. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole kwa mikono lakini si kwa maneno, nami ningempenda siku nyingine yoyote. Alifungua vile vitambaa kimoja kimoja, akivilowesha. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidonda vibichi. Mkono wa kulia vidole vitatu vilikuwa vimeshikamana na kukunjika kuelekea kiganjani, na alipojaribu kukinyoosha kimoja, shemeji alifumba macho bila kutoa sauti.

"Aliungua lini?"

Dada akamwambia.

"Wa kushoto utarudi," alisema daktari. "Huu wa kulia tutaupasua, lakini siwaahidi. Hatashika panga wala kupanda mti kwa mkono huu. Mngemleta wiki ile ile vidole hivi tungeviokoa." Akainua uso akatutazama sote watatu. "Mlikuwa mnangoja nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma ya dada. Mdomo wangu, ambao ofisi nzima inaujua, ulikuwa mkavu.

"Ni sisi, daktari," dada alisema, wala hakugeuka kuniangalia. "Tulidhani itapona yenyewe."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika hivyo hivyo.