Alasiri za Kumsemea Tía Amparo

Ugali wa jana ukikaangwa kwa siagi hutoa harufu ambayo ni vigumu kumweleza asiyeijua. Ni kama bisi zilizosahauliwa jikoni zikaanza kuungua upande mmoja. Juma lililopita nilifika nyumbani, huku Umm Salal, nje kidogo ya Doha, nikiwa na ule uchovu wa kuona hata viatu ni kazi kuvivua. Siku nzima nilikuwa ofisini nikiwajibu watu ambao kompyuta zao zimekataa kuwaka. Kwenye friji palikuwa na bonge la ugali tu. Nikalimega, nikayafinyanga matonge kwa viganja yakawa kama vichapati vinene, nikayatia kikaangoni. Mikono ilijiendea yenyewe. Harufu ilipopanda ndipo nilipojiuliza ni nani aliyenifunza hivi, maana kwetu Bungoma ugali uliolala hupashwa moto tu ukaliwa na chai, basi.

Alikuwa Tía Amparo. Nanyi mnaosoma, nivumilieni nikianza mbali kidogo, kwa kuwa jioni hiyo sikula, nilikaa tu nikimkumbuka.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiishi Al Sadd, mtaa wa Doha, mimi na Mama, katika jengo lililojificha nyuma ya maduka ya simu na mkahawa wa shawarma. Mama alikuwa muuguzi hospitalini. Baba alibaki Bungoma na kazi yake ya ualimu, tukawa tunamsikia kwenye simu siku za Ijumaa. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mhandisi mmoja wa Kolombia, Hernán, na mkewe Amparo. Hernán alifanya kazi kwenye mitambo ya gesi kule baharini, na akienda alikaa majuma kadhaa kabla ya kuonekana tena. Amparo alibaki ndani. Hakujua Kiingereza wala Kiarabu, na katika jengo lote hapakuwa na mtu mwingine wa lugha yake.

Basi la shule liliponishusha langoni, nilipanda ngazi nikabisha kwake, nikakaa huko mpaka Mama arudi. Ndivyo nilivyoelezwa: Mama yuko zamu, jirani atakuwa akikutazama.

Hakuna aliyenifundisha Kihispania. Kiliniingia kama vumbi la Doha linavyoingia chini ya mlango, bila kualikwa. Amparo alizungumza akipika, alizungumza akikunja nguo, alizungumza akinisuka vibaya. Alizungumza kama mtu aliyekuwa amebana pumzi tangu asubuhi. Mwaka ulipoisha nilikuwa nikimjibu, naye aliniita Nafulita badala ya Nafula, kwa sababu watu wa kwao huwezi kuwapa jina wasilifanye kajina.

Aliniambia nimwite Amparo. Mama alikataa katakata. Mtoto hamwiti mtu mzima kwa jina kavu. Amparo akasema basi, tía. Mama akaniuliza tía ni nani kwa Kiswahili. Nikamwambia ni shangazi, au mama mdogo, au mke wa mjomba, wao huwatia wote kapu moja. Mama alifikiri, chai mkononi, kama mtu anayechagua kitambaa. Mwishowe akasema huyu si upande wa Baba yako, huyu ni mdogo wangu. Kuanzia siku hiyo alikuwa mama mdogo, na Mama akawa anampelekea ugali. Amparo ndiye aliyeufinyanga siku ya kwanza akaukaanga, akauma, akaketi akiutazama ukuta bila kutafuna. Alisema ni mkate wa mamake, ila wenyewe haujajua bado.

Kutafsiri kulianza kidogokidogo. Kwanza dukani, kisha kwenye simu na watu wa umeme, kisha kwa natur, yule mlinzi wa jengo, mzee wa Kinepali aliyejua Kiingereza cha kutosha kukataa kila kitu. Kiyoyozi cha Amparo kilipoharibika alinituma nimwambie kwamba hakupata usingizi na kwamba yu hoi. Lakini kwa lugha yake hakusema yu hoi. Alisema «estoy hecha polvo», nimefanywa vumbi. Nami, mjumbe mwaminifu, nikateremka ngazi nikamwambia natur kwa Kiingereza kwamba mama wa ghorofa ya tatu amekuwa vumbi. Akanijibu kwamba ni majira ya dhoruba, vumbi limeingia kwa kila mtu. Saa moja baadaye akampandisha mfagiaji na ufagio.

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaniambia nisibebe neno kama lilivyo, nibebe kile mtu anachotaka. Nikajifunza. Nikawa najua kwamba akisema hakubandika jicho, maana yake hakulala. Akisema amekufa kwa haya, hajafa. Siku aliyojigonga kidole cha mguu kwenye kitanda alilia kwamba ameona nyota, nami sikutazama juu.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba maneno yake mengi yalifika kwenye Kiswahili kwa hatua moja, lakini kwenye Kiingereza yalifika yakiwa yameburuta mguu. «Madrugar» ni kurauka. «Desvelarse» ni kukesha. «Anteayer» ni juzi, limekwisha. Kwa Kiingereza kila moja lilinitaka nijenge sentensi nzima, na mtu wa simu alikuwa akingoja, na Amparo amenikazia macho. Nilichoka, jamani. Nilitaka kukaa chini nitazame katuni. Kuna siku nilisimama nje ya mlango wake nikiwa na begi mgongoni, nikahesabu vigae kwanza, ndipo nikabisha.

Kisha Amparo akapata mimba. Mama alifurahi, akaanza kupita kila jioni, hata akiwa ametoka zamu mbili mfululizo, akamshika mkono na kumtazama miguu. Mimi nikiwa katikati yao, nikipeleka na kurudisha.

Ilikuwa juma la mitihani, joto limeanza kuwa lile la kuchoma kitasa. Amparo aliniomba nimsindikize zahanati ya barabara ya pili, kwa sababu ya «un dolorcito de cabeza». Kichwa kidogo kinamuuma, au kinamuuma kidogo, sikujua ni kipi kilichokuwa kidogo. Nikasema hivyo hivyo dirishani: maumivu madogo ya kichwa. Bwana wa dirishani, ambaye nyuma yetu alikuwa na foleni ndefu ya watu wenye maumivu makubwa, akasema apumzike, anywe maji, arudi siku ya miadi yake. Sikuwalaumu wakati huo. Watu wa Amparo hupunguza kila kitu. Kahawa yao ni kakahawa, na sasa hivi yao ni kasasa hivi. Sikuwa nimejua kwamba wanapunguza pia kile wanachokiogopa.

Siku ya pili yake nilimkuta kitini, viatu havimwingii. Uso ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeamka kutoka usingizi mbaya. Aliniambia nimpigie Mama nimuulize dawa ya kichwa. Kumpigia Mama kazini kulikuwa mwiko, lakini Amparo hakuwahi kuniomba hivyo. Nikapiga. Mama alipokea akinong'ona, nikamweleza: kichwa, miguu, halafu, kwa kuwa Amparo alilitaja, nikaongeza kwamba anasema anaona taa ndogo ndogo. «Lucecitas.» Nililisema kwa kupitia tu, nikijua ni msemo kama ile habari ya nyota.

Sauti ya Mama ikabadilika, haikuwa tena ya kunong'ona.

“Nafula, nisikilize. Hizo taa ni maneno yao, au anaziona kwa macho?”

Nikamuuliza Amparo. Aliinua kidole, akakifuatisha ukutani polepole, kuanzia karibu na pazia mpaka juu ya televisheni, kama mtu anayefuata inzi. Ukuta ulikuwa mweupe, hauna kitu.

“Anaziona, Mama.”

“Mlaze ubavu wa kushoto. Funga pazia. Mimi naita ambulansi. Usimwache hata kidogo.”

Nilimlaza mtu mzima. Sikumbuki vizuri jinsi nilivyofanya. Nakumbuka kiganja chake, kilivyokuwa kinene na moto, na nakumbuka aliniuliza kama nimekula.

Walipofika watu wa ambulansi niliongea Kiingereza vizuri, pengine kuliko siku zote za maisha yangu. Jina, umri, mimba ya miezi mingapi. Hospitalini ndipo Kiingereza hicho kilipoisha. Mama alikuwa ameshuka kutoka wodi yake, amesimama kando ya kitanda na sare yake. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliniuliza kichwa kilianza lini. Nikamuuliza Amparo. Akasema anteayer. Nikamgeukia daktari, nikafungua kinywa, na Kiingereza hakikuwepo. Nilikitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku mfuko umetoboka. Neno lililokuwepo lilikuwa moja tu.

“Juzi,” nikasema, nikimtazama Mama.

Mama akamwambia daktari. Akaniwekea mkono begani, akasema nimwambie yeye, kwa lugha yetu, naye atalifikisha mbele. Tukaendelea hivyo. Daktari akampa Mama Kiingereza, Mama akanipa Kiswahili, mimi nikampa Amparo Kihispania, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile, kama ndoo inayopitishwa mkono kwa mkono. Ilikuwa ndefu lakini haikumwagika. Presha imepanda sana, Mama alisema. Ikiachwa itakuwa kifafa cha mimba. Wanataka kumtoa mtoto sasa, kwa upasuaji, kabla ya wakati wake.

Nilipomaliza kumweleza, Amparo aliuliza jambo moja juu ya mtoto. Alisema «¿se me muere?»

Huko shuleni ningeulizwa maana yake kwa Kiingereza, ningesema tu: je, anakufa? Lakini sivyo alivyouliza. Ndani ya swali lake mlikuwa na yeye mwenyewe, yeye atakayefiwa, na Kiswahili kililibeba bila kumwacha nje.

“Mama, anauliza, ananifia?”

Mama alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na wauguzi hawaahidi. Alimwinamia Amparo, akamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili, huku akimtazama machoni kana kwamba mimi sipo: “Niko hapa, mdogo wangu. Siondoki.” Kisha akaniambia nimfasirie. Amparo akatikisa kichwa kwamba hakuna haja.

Mtoto alizaliwa jioni ile, msichana, mdogo kama paka, akawekwa kwenye sanduku la kioo lenye joto. Hernán aliletwa kutoka baharini kwa helikopta na akafika na viatu vyake vya kazi, akasimama mbele ya kioo akiwa ameshika kofia ngumu kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani. Amparo alipona polepole. Mtoto alikaa huko majuma mengi, akaongezeka, akatoka.

Mwaka uliofuata mkataba wa Hernán ukaisha. Mliowahi kukaa Doha mnajua jinsi watu wanavyoondoka: sofa linapewa jirani, masanduku yanapimwa na kufunguliwa na kupimwa tena, na kesho yake mlangoni kuna viatu vya watu wengine. Amparo alinikumbatia kwenye lifti mpaka mlango ukaanza kupiga kengele. Kwa muda tulitumiana picha za mtoto. Kisha simu zilibadilishwa, tukapotezana. Kihispania changu kikaondoka chenyewe, kama kilivyokuja. Yamebaki maneno machache, na ule ugali.

Ijumaa nilimpigia Mama. Amestaafu sasa, yuko Bungoma, na sauti yake imekuwa nyembamba. Nikamsimulia nilivyopika, na tukacheka habari ya natur na mfagiaji. Nikamwambia kila nikimkumbuka Amparo huwa namshukuru, kwa kuwa alinilea alasiri zote zile wakati yeye Mama akiwa zamu.

“Nani alikulea?” Mama akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Kisha akanieleza. Kabla hatujajuana na Amparo, alikuwa amekwisha kupanga na muuguzi mwenzake wa ghorofa ya pili, ambaye alikuwa na watoto wa rika langu, kwamba nitashinda huko. Halafu jioni moja Hernán alibisha mlango wetu. Kwa Kiingereza chake kilichovunjika alisema kesho yake anarudi baharini, na mkewe amekaa bila kusemeshwa na mtu mpaka ameanza kuzungumza na bomba la maji. Alikuwa ameniona kwenye ngazi. Je, ningeweza kuwa naenda, hata kwa muda mfupi tu, nikae naye?

“Nilikuwa nimechoka siku hiyo,” Mama akasema, “sikuwa na kitu cha kumpa. Nikampa wewe.”

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo. Akasema mtoto ukimwambia ni kazi, anaona uzito.

Tukaagana, nikabaki na simu mkononi. Nilikumbuka jioni za nyumba ile ya Al Sadd, Mama akifika, akiweka mkoba chini na kuketi mezani na sare yake, na kichwa chake kikiinama mpaka paji la uso linagusa meza. Nami nilikuwa nikija kuketi kando yake, naweka kichwa changu karibu na chake. Tulikaa hivyo kitambo kabla ya mmoja wetu kuinuka kuwasha jiko. Nilidhani namwiga tu. Nilidhani kati yetu wawili, aliyetoka kazini ni mmoja.