Msimu Tulioshika Mkia kwa Hiari

Timu yetu ya mpira wa kikapu ya wanawake ilifanya mazoezi Port Reitz, na kwa misimu miwili hatukuwa na la kujivunia. Tulikuwa wauguzi, makarani wa bandarini Kipevu, mwalimu mmoja, na mimi mshonaji. Tulipendana mno na tulifungwa mno.

Ligi yetu ya mitaa ilikuwa na desturi yake. Wasichana waliomaliza shule walikusanywa mwisho wa msimu, na timu iliyoshika mkia ndiyo iliyochagua mwanzo. Mwaka ule sote tulimjua atakayegombewa: msichana mrefu wa Likoni, aliyechukua mpira juu ya vichwa vya wenziwe kama anayetoa sahani kabatini.

Kabla ya mechi ya mwisho, kocha wetu, mtu wa kufuatilia mpira wa kikapu wa Marekani kwenye simu, alituita kando.

"Kule timu kubwa hufanya hivi," akasema. "Msimu mmoja wa aibu, kisha miaka ya raha. Tukishinda leo, timu ya Utange ndiyo itakayoshika mkia, na yule binti anakwenda kwao. Tukifungwa, ni wetu."

Nahodha wetu, muuguzi, ndiye aliyekuwa mkubwa kwetu sote. "Kwa heshima zako, kocha," akasema, "mimi nimefungwa mara nyingi, lakini sijapata kufungwa kwa kutaka. Sijui kunafanywaje."

"Basi leo pumzika, dada."

Akaketi benchi mechi nzima, mikono mapajani. Sisi tukaingia. Nilirusha mpira nje ya ubao mahali ambapo hata mwanangu angefunga, nikajifanya nasikitika. Kila nilipogeuka nilikutana na macho ya nahodha. Hayakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema amemeza dawa na hajameza.

Tukafungwa vizuri. Msichana akawa wetu. Nahodha hakuja tena mazoezini.

Msimu mpya tulipoteza mechi tatu za mwanzo. Msichana alikuwa hodari kweli, lakini hatukujua kumfikishia mpira, na tulishaingiwa na ugonjwa: tukiachwa nyuma kidogo tu, mabega yanalegea. Baada ya mechi ya tatu alikaa karibu nami akifungua viatu.

"Dada, ile mechi yenu ya mwisho nilikuwapo, natazama. Mlifungwa kusudi?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili yako."

Akavua kiatu cha pili. "Na mimi nikishindwa, mtafungwa tena mpate mwingine?"

Jumamosi nikamchukua, tukaenda Changamwe nyumbani kwa nahodha. Msichana akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni ndani."

Alitupa mahamri na mbaazi kabla hajatuuliza shida yetu. Nilipoanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Usiniombe mimi. Muombe huyu. Mmemtwika timu nzima, na wala hamjamwonyesha pa kusimama."

Nikamgeukia msichana nikamwomba radhi pale pale, sahani ya mbaazi mkononi. Akacheka kwa haya.

Jumatatu nahodha alikuja uwanjani. Kocha alisimama mbele yetu sote akasema, "Dada, nilikosea kukuweka benchi." Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yamekwisha," nahodha akajibu. "Haya, tucheze."

Magoti yake hayakumruhusu kukimbia sana, lakini alikuwa na sauti. Alimfundisha msichana kuusoma mpira ungali hewani, na sisi akatufundisha kuitana, kukemeana, kutorudi nyuma vichwa chini. Tulipokutana na Utange tuliwashinda kwa kikapu kimoja, nikalia kama mtoto. Hatukuchukua kombe. Tulimaliza katikati ya ligi, jambo ambalo kwetu lilikuwa sikukuu.

Kocha mpaka leo hushikilia kuwa hesabu yake ilikuwa sawa. "Tusingefungwa, binti tungempata wapi?" hunambia. Wala hasemi uongo. Bila yule msichana tungekuwa pale pale mkiani. Mimi humjibu kwamba tulimpata, kisha tukakaribia kumpoteza, kwa sababu tulimleta kwenye nyumba tuliyoibomoa wenyewe. Hatujakubaliana bado. Nahodha siku hizi ndiye kocha msaidizi, na tukianza ubishi huo yeye hutuacha, akaenda kuwapanga wasichana mistari miwili wapashe misuli moto.