Raketi Tatu za Kushoto

Wachezaji wa tenisi walimwita Kaza, na hawakumwita hivyo kwa kumbembeleza. Ukimpelekea raketi akufungie nyuzi, ukamtajia kilo unazotaka azivute, alikutazama bega, akakutazama tumbo kama lipo, halafu akakwambia kilo unazopaswa kutaka. Watu walinuna, wakamtukana kimoyomoyo, na wiki iliyofuata wakarudi na raketi nyingine. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja mkubwa, hakina dirisha, mashine yake imesimama katikati, na feni moja iliyopiga kelele nyingi kuliko upepo. Humo ndimo alimopatia mvi.

Mtu mmoja tu hakuwahi kubishiwa, naye ni mdogo wake. Mama yao alipofariki, mdogo huyo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na Kaza akalazimika kuwa kaka, baba na mpishi mbaya, vyote kwa mpigo. Alimfundisha kupiga mpira kwenye ukuta wa nyumba mpaka jirani akaomba afadhali wafuge mbwa. Mtoto alipigia mkono wa kushoto, jina likamganda, na Kushoto akakua akawa mchezaji wa kulipwa. Si kwamba alitikisa dunia. Kwenye orodha ya wachezaji wa dunia, ukitaka kumwona ilibidi uvute kiti ukae, utafute taratibu. Lakini alikuwemo, na Kaza asingekubali mtu yeyote alicheke jambo hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Kushoto alipoanza kulipwa, kaka yake alimwambia, "Nyumbani wewe ni mdogo wangu, nitakugombeza nikitaka. Humu chumbani wewe ni mteja. Ukinitajia kilo, nafunga hizo hizo, siulizi." Wakapeana mikono. Kwa miaka yote Kaza alilishika neno lake, na pengine ndiyo maana siku ya kulivunja hakujua alivunje vipi.

Mashindano ya wanaume yalikuja mjini kwao kila mwaka, mchezo wa mmoja mmoja, wageni wakitoka kila pembe ya dunia. Mwaka huo Kushoto alipewa nafasi kwa kuwa ni mwenyeji. Aliingia chumbani na raketi tatu na kiwiko kilichofungwa bandeji, akamsalimu kaka yake kwa mkono wa kulia.

"Shikamoo, kaka. Ishirini na sita, kama siku zote."

"Marahaba. Kiwiko kinasemaje?"

"Kimeacha kusema, sasa kinapiga kelele." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nimeshamwambia shemeji yako. Nikitolewa raundi ya kwanza hapa nyumbani, mbele ya watu wangu, basi. Natundika raketi. Lakini sijaisha, kaka. Najijua, bado nina mchezo mkononi."

Akanywa maji, na chupa pia aliishika kwa mkono wa kulia. Kaza aliyaona yote hayo. Angekuwa mteja mwingine angemkaripia papo hapo: we bwana, na kiwiko hicho ishirini na sita za nini, unataka kukatika? Nyuzi zikikazwa sana, kila pigo linarudi kwenye mkono. Zikilegea kidogo, mpira unaruka wenyewe, mkono unapumzika. Hilo lilitaka kusemwa kwa sentensi moja tu. Kaza akakumbuka ahadi yake, akaumeza ulimi.

Kushoto alipotoka, Kaza akaziweka raketi kwenye mashine moja baada ya nyingine, akafunga zote tatu kwa ishirini na tatu. Kisha, Mungu amsamehe, akabandika kwenye mpini wa kila moja kikaratasi cha ishirini na sita. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alishaona akilini wamekaa mezani, Kushoto ameshinda, yeye anamfichulia siri, wanacheka mpaka machozi.

Siku ya mechi alisimama kwenye mlango wa kuingilia wachezaji. Mpira wa kwanza wa Kushoto ulitoka nje ya mstari wa nyuma kwa kiganja kimoja. Wa pili hivyo hivyo. Kushoto akaigonga raketi kwa kiganja, akaisogeza sikioni. Mchezaji akihisi nyuzi zina kasoro, huituma raketi kwa fundi mechi ikiwa inaendelea, nayo hurudishwa imefungwa upya. Ilete, mdogo wangu, Kaza akawa anaomba, ilete nikimbie nayo. Kushoto akageuka, akamwona kaka yake pale mlangoni, akamtikisia kichwa kama mtu anayesema usijali. Raketi haikutumwa.

Akabadilisha, akachukua ya pili. Mipira ikazidi kwenda nje. Akachukua ya tatu. Hapo Kaza akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu enzi za ule ukuta: Kushoto alianza kuuogopa mkono wake. Mapigo aliyozoea kuyaachia akayakatisha njiani, akawa anausukuma mpira kama mtu anayefunga mlango asiamshe watu. Mpinzani wake, jitu la miraba minne lisilo na haraka, alichofanya ni kusubiri tu. Seti mbili zikaisha, zote za mpinzani, mechi ikaishia hapo, na watu wakampigia Kushoto makofi yale ya pole.

Kaza alirudi chumbani akiwa ameamua kusema. Lakini Kushoto aliingia akiwa ameshazungumza na waandishi wa habari na ameshatangaza kuwa anaacha mchezo. Akakaa juu ya sanduku la nyuzi.

"Zilikuwa zinaruka zote, kaka. Zote."

"Mdogo wangu, sikiliza. Zile nyuzi..."

"Hata mimi nilidhani nyuzi. Nikaigonga raketi, nikaisikiliza, nikasema hizi zimelegea. Angekuwa fundi mwingine ningeirudisha pale pale, tena na matusi. Halafu nikakuona umesimama. Nikasema hapana, hizi kafunga kaka. Basi ni mkono. Mkono umekwisha."

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, na sauti yake ilisikika mpaka kwa Kaza: analia, anashukuru Mungu, watoto wanauliza baba anarudi lini moja kwa moja. Kushoto akasema, "Narudi, mama watoto. Imekwisha." Kaza akajiambia atamweleza kesho.

Kesho hiyo haikufika. Kushoto siku hizi anafundisha watoto, kiwiko kimepona, amenenepa, na Kaza huwafungia wanafunzi wake raketi. Siku moja alipopeleka raketi uwanjani alikuta mtoto ametupa ya kwake chini, analalamika kuwa ndiyo mbovu. Kushoto akachuchumaa mbele yake.

"Usiisingizie raketi. Mimi siku yangu ya mwisho nilifungiwa na huyu hapa, na bado nilishindwa. Mwulize."

Mtoto akamgeukia Kaza. "Ni kweli, babu?"

Kaza akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa anamtabasamia.

"Kweli," akasema.