Kuuza Shamba la Mpakani

Baba yetu alizaliwa Tabora, akakulia kwenye ng'ombe, na alipohamia Oman hakuwahi kuisamehe nchi hii kwa kukosa majani. Alilalamika kwamba maziwa ya dukani hayana harufu ya mnyama. Mwishowe akanunua ardhi kule mpakani, upande wa Buraimi, ambako watu wamefuga ngamia na mbuzi tangu enzi za mababu zao, akapeleka ng'ombe. Majirani walikuja kumtazama kwa adabu, kama watu wanavyomtazama mgonjwa. Ng'ombe wakakonda, wakauzwa. Yalibaki mawe, mgunga mmoja, na kisima alichokichimba mwenyewe, ambacho kwa kudra za Mungu kilikuwa na maji.

Alipofariki tukarithi watatu: Mama, kaka yangu na mimi. Fungu langu ni nusu ya lile la kaka, sharia ndivyo inavyotaka, na sikuwa na ugomvi na sharia wala na mtu. Nilitaka fedha tu. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa Mama pale Azaiba, mjini, mwanamke mwenye mvi, mkuu wa idara wizarani, na kila nikishika funguo za gari naulizwa naenda wapi. Nikijibu, naulizwa na nani. Ghubra, mtaa wa jirani, nilikuwa nimeona fleti ndogo yenye roshani inayotazama matangi ya maji ya jengo la jirani. Niliipenda fleti ile kuliko nilivyompenda mume wangu, na nilikuwa nimeshachagua mapazia.

Basi dalali alipopiga simu kusema kuna tajiri wa hapa mjini anayetaka shamba letu kwa fedha taslimu, mkopo hautaki wala maneno mengi hayataki, nilimwona malaika. Tajiri alitaka kujenga nyumba za mapumziko za kukodisha wikiendi, kila moja na bwawa lake la kuogelea, na kuzungushia ukuta. Mama aliguna. Kaka akasema yeye anamfuata Mama. Kaka yangu amejenga madaraja nchi nzima lakini hajawahi kuvuka neno la Mama. Nilimpigia Mama kelele wiki nzima mpaka akasema haya, mtanipeleka nikatie saini.

Siku moja kabla ya kutia saini, baada ya Alasiri, likaingia uani gari la pikapu lenye vumbi la safari ndefu na mbuzi nyuma. Alikuwa jirani yetu wa kule mpakani, mzee mkavu mwenye bakora. Tulimkaribisha barazani. Kaka akammiminia kahawa. Mzee akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake.

"Mbona hanywi?" nikamnong'oneza kaka kwa Kiswahili.

"Labda anahisi tumetia sukari, na wao kahawa yao haina. Sisi tunajulikana."

Nikaenda jikoni nikaleta chai. Hakuigusa. Nikaleta vitumbua, kisha mkate wa kumimina, kisha halwa. Kaka akamwaga kahawa ile na kumimina nyingine yenye moto. Mzee akaiweka chini vilevile. Tulihangaika kama watu wanaozima moto kwa vijiko. Ndivyo tulivyo sisi: pasi ya Oman, kilemba cha Oman, na tumbo la Unguja, kwao Mama. Mgeni akikataa kula tunadhani kosa ni la chakula.

Mama alikuwa amekaa pembeni muda wote huo. Akajisogeza, akamwambia mzee kwa Kiarabu, polepole, "Kunywa. Haja yako umeipata."

Mzee akainua kikombe akakimaliza kwa funda moja.

Ndipo alipotueleza. Kwao mtu mwenye haja hanywi kahawa ya mwenyeji mpaka aambiwe amepewa, na akishaambiwa, hakuna kurudi nyuma. Haja yake ilikuwa hii: tusiuze ardhi maadamu yeye yu hai. Baba alimruhusu kunywesha wanyama wake kwenye kile kisima, na ukuta ukishapita pale, atawauza wote na kwenda kukaa kwa mwanawe kule Sohar kutazama televisheni.

"Mzee wangu," nikamwambia, "Mama hakujua desturi yenu. Alikuwa anakubembeleza unywe tu."

Akanitazama kwa huruma, jambo lililoniudhi zaidi, akamuaga Mama na kuondoka. Mbuzi alituachia. Kaka naye akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli Wadi Kabir.

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anafunika vitumbua kwa sahani, ametulia kabisa.

"Mama, mpigie umwambie hukujua. Asiyeijua desturi hafungwi nayo."

"N'lijua. Baba yako siku aliyokwenda kuitaka ile ardhi, aliweka kikombe chini hivyohivyo. Mie n'likuwepo. Babu mmoja wa kulekule ndiye alomfundisha."

"Ulijua, ukatuacha tunakimbizana na sinia?"

"Mlikuwa mnanichekesha."

Niliketi. Nikamwambia kwamba fleti yangu imekwenda, kwamba nimechoka kulala kwenye kitanda cha usichana, na kwamba kisima cha mbuzi wa watu amekiweka mbele ya mwanawe wa kumzaa. Sauti ilinipanda mpaka mbuzi akaitika uani.

Mama akasubiri nimalize.

"Mbuzi wake hawan'husu," akasema. "Lakini weye ukihama, mie nnabaki na nani? Mke wa kaka yako nnasema naye Kiarabu. Wajukuu nikiwasemesha wananijibu Kiingereza, kama nimewapigia simu hotelini. Dada zangu wamekufa wote. Nyumba nzima hii ntasema Kiswahili na nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba Ghubra si mbali, kwamba ningekuja kila jioni, kwamba alichonifanyia ni ujambazi mtupu na Mungu anaona. Nilikuwa na hasira za kuvunja sahani. Na kila neno lililonijia kinywani lilikuja kwa Kiswahili.