Machozi ya Bi Natsue

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpaka wanja dereva wa basi. Hakuwa dereva wa kweli, alikuwa mwigizaji wa tangazo la majani ya chai, na mimi nilikuwa mpambaji mpya niliyezoea kupamba maharusi wa Kizanzibari hapahapa Dubai nilikozaliwa. Nilijua jambo moja tu: uso ukikaa mbele yangu, naupendezesha. Mkuu wa Upambaji, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani, alimtazama yule kijana, akanitazama mimi, kisha akavuta kiti akakaa.

"Rukia, habibti, huyu anaendesha basi au anaolewa?"

Watu wote walicheka, na dereva mwenyewe akacheka. "Futa," Mkuu akaniambia. "Yalla. Kupaka utajifunza baadaye. Kwanza nionyeshe kama unajua kufuta."

Nyinyi mabinti mnaojifunza upambaji kwenye simu mnadhani kazi ni brashi. Mimi miezi ya mwanzo sikuishika. Nilishika pamba, taulo na maji ya waridi. Nilifundishwa kukausha jasho kwa kugusa tu, maana ukisugua unaondoka na poda. Nilifundishwa mwendelezo, yaani uso wa asubuhi ufanane na wa jioni, kwa sababu filamu hupigwa vipande vipande, na mtu anayefungua mlango leo huenda akaingia chumbani wiki ijayo. Akiingia na doa jipya shavuni, wa kulaumiwa ni mpambaji. "Uso si wako," Mkuu alikuwa akiniambia kila nilipojifanya fundi. "Umeazimwa. Urudishe kama ulivyoukuta."

Kutoka kwenye matangazo nilihamishiwa tamthilia za televisheni, chini ya Meneja wa Seti aliyekuwa akitugombeza asubuhi na kutuomba radhi wakati wa chakula. Nilimpenda, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyelitaja jina langu walipotafuta mpambaji wa filamu ya Kijapani iliyokuja kupigwa Hatta, kule milimani, kando ya bwawa.

Mwigizaji mkuu alikuwa Bi Natsue, mwanamke aliyeupa ujana kisogo, mfupi, mkimya, mwenye kuinama akikusalimia hata kama umebeba ndoo ya maji machafu. Alicheza mke wa mhandisi anayemngoja mumewe aliyepotea bwawani. Kiti cha kupambwa hufungua watu midomo, na asubuhi za Hatta zilikuwa ndefu, kwa hiyo maisha yake aliyaweka wazi mikononi mwangu. Baba yake alikuwa kinyozi katika mji mdogo wa kaskazini. Siku moja mwongozaji wa filamu aliingia kunyolewa, akamwona bintiye kinyozi akifagia nywele sakafuni, akamtaka kwa filamu yake. Ndiyo ikawa kazi. Alianza kwa kucheza binti wa watu, akapanda akawa mke wa watu, umri uliposogea akawa mjane.

"Nimefiwa na waume wengi sana," aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Na sijaolewa hata mara moja."

Sifa yake ilikuwa machozi. Waigizaji wengi hutumia kijiti cha machozi, kitu mfano wa mafuta ya mdomo chenye dawa kali ndani yake. Unakipitisha chini ya jicho, jicho linawasha mpaka linatoa maji. Bi Natsue hakukihitaji. Aliuliza kamera iko upande gani, na jicho la upande ule likatoa chozi moja, likateremka polepole. La pili kavu. Pua kavu. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alisema ni yule mwongozaji wake wa kwanza. "Alinifokea nikiwa msichana. Akaniambia, unalia mwili mzima kama mtu aliyefiwa. Mimi nataka jicho tu, mwili kaa nao."

Sasa ndipo anapoingia Bwana Nassor. Alikuwa mtu wetu, wa Unguja, mpakiaji wa mizigo ya Afrika pale bandari ya Hamriya, na kwa filamu ile alikuwa amekodisha jenereta. Siku ya machozi alisimama nyuma ya taa. Alipoliona lile chozi hakungoja kitu, akakimbia na chupa ya maji akaingia katikati ya picha, akapiga magoti, akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, umeumia wapi?" Mwongozaji akavua kofia akaitupa chini. Bi Natsue akacheka mpaka poda yangu ikapasuka. Mwaka uliofuata alisilimu, wakaoana.

Alihamia Dubai moja kwa moja, nami nikawa mpambaji wake, kazi niliyoifanya kuliko zote na kuipenda kuliko zote. Waongozaji walimfuata huku huku, wa Kijapani, wa Kiarabu, wa Kihindi. Kiswahili alikipata kwa wifi yake Bi Zuwena, dada pekee wa Nassor, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kugawa chakula. Basi Bi Natsue akawa anasema Kiunguja kitupu kwa sauti yake ya chini, na kila mgeni akimsikia lazima ageuke.

Kwenye harusi na vikao vya wanawake akawa burudani. "Wifi, tulilie kidogo," Bi Zuwena angesema, naye angetua kikombe cha kahawa, angeuliza watazamaji wako upande gani, na chozi lingeteremka. Tulipiga makofi na kurusha vigelegele. Nilikuwa nikichangamka kuliko wote, maana niliona ni sifa yangu pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyedhani mchezo ule una ubaya.

Bwana Nassor alifariki ghafla, mchana, akiwa bandarini. Tulipoletewa habari nilikuwa na Bi Natsue, na mimi ndiye niliyemshika. Matangani wanawake walijaa ukumbi mzima. Bi Natsue alipotoka chumbani akaona kila mtu amekaa na mahali pa Nassor patupu, akaanza kulia. Na Bi Zuwena, macho mekundu, moyo umemwungua kwa kaka yake, akasema si kwa sauti kubwa, "Haya, keshaanza."

Kuna aliyeguna. Kuna aliyecheka puani, nadhani bila kukusudia. Bi Natsue alikielewa Kiswahili kile vizuri mno. Alijifuta uso kwa upande wa mtandio, akakaa, akatazama chini. Tangu pale hakutoa chozi tena mbele ya mtu. Akiwa kwenye eda, wanawake waliokuja kumpa mkono wa pole wakaenda wakisema yule Mjapani hakumlilia mumewe, kumbe hata penzi lenyewe lilikuwa filamu. Alipolia walisema anaigiza, na aliponyamaza walisema hana uchungu.

Mpambaji wa mwenye eda hana kazi, lakini nilikwenda kila siku. Nilipika chai. Siku moja aliniambia, "Rukia, filamu naweza kuishi bila yake. Sitaweza kuishi na Zuwena akiamini sikumlilia kaka yake. Kama haamini, nirudi kwetu tu." Na kwao hakukuwa na mtu tena. Nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Bi Zuwena.

"Bi Zuwena," nikamwambia, "mimi nimemfuta uso yule tangu Hatta. Machozi ya kamera ni ya jicho moja, na pua haitoki hata tone. Siku ile ukumbini alitoka machozi macho yote mawili na kamasi mpaka mdomoni. Niliona kwa macho yangu. Kilio kile hakikuwa cha kazi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa. "Wewe unakula kwake, Rukia. Utasema nini kingine?" Hakuwa na jeuri alivyosema. Alikuwa amechoka, na alionekana mzee. Nilirudi sina cha kumpa Bi Natsue.

Eda ilipokwisha, mwongozaji mmoja aliyempenda sana akapiga simu. Alikuwa na filamu kubwa, pengine kubwa kuliko zote ambazo Bi Natsue alipata kucheza, na alimtaka yeye tu. Mjane, tena. Simu ilikuwa mezani, sauti wazi, nikasikia yote.

"Nitacheza," Bi Natsue alisema, "lakini sitalia."

"Madam, watu wanakuja kuona machozi yako."

"Basi tafuta mwingine, sir. Khalas."

Akakata simu, akaniomba nimfungulie dirisha. Niliondoka pale nikiwa na hasira za kufa mtu, nikapita kwa Bi Zuwena, nikamwambia mlangoni bila salamu kwamba wifi yake ameacha filamu kwa sababu yao, na kwamba huenda akarudi Japani, wafurahi. Sikungoja jibu.

Watu huniuliza nilistaafu lini. Karatasi zina tarehe yake, na wanangu hapa mtaa wa Silicon Oasis walinikatia keki. Mimi naijua siku nyingine. Ni kesho yake, Bi Zuwena alipokuja peke yake, akakaa mkabala na Bi Natsue, mkoba bado begani.

"Ni kweli umekataa?"

"Kweli."

"Kazi yako yote ile? Kwa nini?"

"Nimelia sana kwa watu, wifi. Yaliyobaki ni ya Nassor."

Bi Zuwena aliushusha mkoba begani. Kisha akasema, "Rukia, tupishe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Kila alipolia Bi Natsue, mimi nilikuwepo, hatua mbili kutoka kwake. Nilitoka, mlango ukafungwa, nikabaki ukumbini na boksi la tishu mkononi kama mjinga. Kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia wanawake wawili wakilia kwa sauti, kilio cha kwikwi kisicho na adabu wala mpangilio, kila mmoja akimtaja Nassor kwa jina lake.

Mlango ulipofunguliwa alitoka Bi Natsue. Macho yamevimba, pua inatoka, mtandio umeanguka shingoni. Mkono wangu ukaenda wenyewe usoni kwake.

Akaushika akaushusha. "Acha, Rukia. Acha hivihivi." Akanipita akaenda jikoni kumpikia wifi yake kahawa, na uso wake vilevile ulivyokuwa.