Sahihi ya Asiye na Shamba

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa la maneno matatu, na nilikuwa nimelijibu kwa uongo mdogo. "Mjomba ameiona karatasi?" mama mmoja aliniuliza kule milimani, begi langu likiwa tayari mgongoni. Nikasema, "Ataiona, mama." Nikashuka.

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuandaa data za udongo na chemchemi za Uluguru ziingie kwenye hifadhidata ya pamoja inayojengwa na watafiti wa nchi nyingi. Mtu aliyeko Peru au Vietnam angeweza kuifungua akaona shamba la Matombo, udongo wake, na mahali hasa maji yanapotokea. Niliipenda kazi ile. Kila Alhamisi tulikutana mtandaoni, na mratibu wetu, aliyekuwa ng'ambo, aliisifu safu yangu ya ridhaa, ile ya "ndiyo" za waliokubali habari zao zitumike, kwa kuwa haikuwa na pengo hata moja.

Safu hiyo ndiyo iliyonitesa. Fomu iliuliza mkuu wa kaya, kwa hiyo kila nyumba niliketi na mume, akasaini. Mimi nimekulia Singida. Kwetu shamba ni la baba, na sikuwaza kwamba kuna swali la kuuliza hapo. Sasa nikawa nawaza hilo tu. Nilimwandikia mratibu barua pepe, nikaifuta. Nikaiandika upya kwa upole zaidi, nikaifuta tena. Labda mama alikuwa ananitania. Labda huyo mjomba anapenda tu kuingilia mambo ya watu. Labda mimi ndiye mwenye wasiwasi wa bure. Faili lilitakiwa Alhamisi, na mkataba wangu usingeongezwa kabla halijapokelewa.

Mhadhiri aliyenisimamia kwenye kazi hiyo alinisikiliza huku akitafuna karanga.

"Safu imejaa?"

"Imejaa, Dokta."

"Sasa unataka ijae mara mbili? Dogo, utazeeka kabla hujaoa."

Jumanne nilichukua bodaboda hadi barabara ilipoishia, nikamalizia kwa miguu katikati ya migomba na iliki. Nilimkuta yule mama anaanika pilipili manga, mumewe anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umerudi? Udongo haukutosha?"

Nikauliza shamba ni la nani. Walitazamana, wakacheka.

"Huyu?" mama akasema. "Huyu shamba lake liko kwao. Huku amekuja kuoa, na mpaka leo bado tunamwangalia."

"Aliniuliza mkuu wa kaya, nikajibu," mume akajitetea. "Shamba hakuniuliza."

"Na wewe ukasaini!"

"Kijana alikuwa na haraka."

Kumbe shamba lilikuwa la ukoo wa mama, na anayeusemea ukoo ni kaka wa mama yake, huyo mjomba. Akaitwa, akaja anapangusa mikono. Nilimsomea fomu yote, pamoja na kipande ambacho mara ya kwanza nilikipitia mbiombio: kwamba mtu yeyote, popote alipo, ataziona habari hizi.

"Na chemchemi pia?"

"Na chemchemi, mzee."

"Udongo peleka. Chemchemi subiri niongee na wenzangu. Maji yale hatujamwonyesha mtu ambaye hajatusalimu."

Nikapita nyumba tatu nyingine nilizowahi kuandikisha. Zote, aliyesaini hakuwa wa ukoo wenye shamba. Njia nzima nikishuka nilitunga maelezo ambayo mimi simo: fomu ilikuwa mbovu, muda ulikuwa mfupi, nilifuata mwongozo. Yote yalikuwa kweli. Lakini aliyesema "ataiona, mama" hakuwa fomu.

Alhamisi, mratibu aliposema linasubiriwa faili la Morogoro tu, nilikuwa nimeshafuta kila "ndiyo" kwenye ile safu. Niliwasha maikrofoni, nikasema kila nyumba niliyorudi kuhakiki nilikuwa nimemwomba ruhusa mtu asiye na shamba, kwamba kosa ni langu, na kwamba faili halitakuja hadi nipande tena kuuliza upya. Kabla hajajibu mtu, nikaomba fomu ya nchi zote iongezwe swali moja: ardhi hii, nani anaisemea?

Kisha nikamwandikia mhadhiri kwamba kesho sitakuwepo ofisini, nikaanza kupanga fomu mpya kwenye begi.